Jina na Kitu: Vielelezo vya Mwenendo wa Gesi Baridi za Fermioni

UTANGULIZI

Makala haya yana shabaha mbili. Ya kwanza ni kueleza kwa Kiswahili jinsi wanafizikia wanavyounda vielelezo vya mwenendo wa gesi za aina fulani ambazo, zikishapozwa hadi karibu na sifuri halisi, hutiririka bila ya kukinzwa na chochote. Ya pili ni kuonyesha kwamba kisa kimoja kilichotokea katika taaluma hiyo, kati ya mwaka wa 2013 na mwaka wa 2016, kina funzo kwa sisi tunaoshughulika na istilahi. Funzo lenyewe, kwa ufupi, ni kwamba jina la kitaalamu halibandikwi juu ya kitu kitupu. Hubeba ndani yake kielelezo cha kitu hicho. Na kielelezo kikiwa na kasoro, jina nalo hupotosha, hata kama kipimo kilichofanywa ni sahihi.

Msomaji ana haki ya kuuliza jarida la lugha lina haja gani na gesi. Jibu ni kwamba mjadala kuhusu uwezo wa Kiswahili wa kubeba sayansi umekuwa mara nyingi ukiendeshwa kwa orodha za maneno. Orodha huwa na safu mbili, neno la kigeni upande mmoja na la Kiswahili upande wa pili. Zina faida kubwa, lakini hazionyeshi njia iliyopitiwa hadi neno la kwanza likapatikana, wala hazisemi kama waliolitunga waliafikiana juu ya kitu walichokuwa wakikitaja. Yafaa basi, mara mojamoja, kuchukua dhana ngumu na kuieleza tangu mwanzo hadi mwisho, tuone maneno yanakwama wapi na kwa nini.

1. CHEMBE ZENYEWE

Chembe zote zinazojulikana zimegawanyika katika koo mbili. Ukoo wa kwanza ni wa fermioni, zilizopewa jina la Enrico Fermi, ambaye pamoja na Paul Dirac, kila mmoja kwa njia yake, alieleza kanuni za kuzihesabu mnamo mwaka wa 1926. Ukoo wa pili ni wa bosoni, zilizopewa jina la Satyendra Nath Bose wa Bara Hindi, ambaye kazi yake ya mwaka wa 1924 iliendelezwa na Albert Einstein. Tofauti kati ya koo hizi yaweza kuelezwa kwa mfano wa abiria. Fermioni ni kama abiria ambao kila mmoja ana kiti chake chenye nambari: wawili wanaofanana kwa kila hali hawawezi kukalia kiti kimoja. Hii ndiyo kanuni iliyotolewa na Wolfgang Pauli mwaka wa 1925. Bosoni hazina mwiko huo, nazo zaweza kurundikana zote pamoja katika hali moja.

Atomu nzima nayo ni fermioni au bosoni kwa kufuata hesabu rahisi. Ukijumlisha protoni, nyutroni na elektroni zake, jumla ikiwa witiri atomu ni fermioni, ikiwa shufwa ni bosoni. Lithiamu-6 ina protoni 3, nyutroni 3 na elektroni 3, jumla 9, ni fermioni. Lithiamu-7 ina nyutroni moja zaidi, jumla 10, ni bosoni. Atomu hizi mbili haziwezi kutofautishwa kwa kemia ya kawaida, lakini zikipozwa sana tabia zao huachana kabisa.

Fermioni zitawezaje basi kutiririka zote pamoja kama kitu kimoja, ilhali kila moja imefungiwa kiti chake? Jibu lilipatikana kwanza katika uchunguzi wa metali. Mwaka wa 1911, huko Leiden, Heike Kamerlingh Onnes aligundua kwamba zebaki iliyopozwa sana hupitisha umeme bila ya ukinzani wowote. Ilipita miaka 46 kabla ya jambo hilo kuelezwa. Mwaka wa 1957 John Bardeen, Leon Cooper na John Schrieffer walionyesha kwamba elektroni huungana jozi jozi. Witiri mbili zikijumlishwa huwa shufwa. Kwa hiyo jozi ya fermioni yaweza kujichukulia kama bosoni, na jozi zote zikafuata wimbi moja.

Gesi tunazozizungumzia ziliundwa ili jambo hilo lichunguzwe mahali peupe, nje ya metali. Mwaka wa 1999 Deborah Jin na Brian DeMarco, huko Boulder katika jimbo la Colorado, Marekani, waliipoza gesi ya potasiamu-40 hadi kanuni ya viti ikaanza kuonekana wazi. Mwaka wa 2004 Jin na wenzake walionyesha jozi za fermioni zikiwa zimekusanyika katika hali moja. Mwaka wa 2005 Wolfgang Ketterle, Martin Zwierlein na wenzao katika chuo cha MIT walipiga picha zilizomaliza ubishi kuhusu lithiamu-6, kama tutakavyoona. Gesi hizi hushikiliwa angani kwa miale ya leza na nguvu za sumaku ndani ya chombo kilichoondolewa hewa. Atomu zake huwa laki kadhaa au milioni chache tu, na ni nyembamba kuliko hewa tunayovuta kwa kiasi cha mara milioni moja.

Sifa yake kubwa ni kwamba mtafiti anaweza kuamua chembe zivutane kwa nguvu kiasi gani, kwa kubadilisha uga wa sumaku. Kwa lithiamu-6, ukiwa upande mmoja wa gausi 832 hivi, atomu hushikana mbili mbili kwa nguvu zikawa molekuli. Ukiwa upande wa pili, jozi hulegea na kuwa pana mno, mfano wa wachezaji wawili wa ngoma moja wanaofuatana kwa macho ilhali kati yao wamesimama wachezaji wengine wengi. Penye nambari yenyewe, mwingiliano hufikia kiwango cha juu kabisa ambacho kanuni za kwanta zinakiruhusu. Hapo gesi haina kipimo kingine cha urefu isipokuwa umbali wa wastani kati ya atomu na atomu. Katika makala haya tutaiita gesi ya ukomo.

2. JINA LA MTIRIRIKO

Kabla ya kuendelea hapana budi tuchague neno. Tabia ya kutiririka bila ya msuguano ilitangazwa kwanza kuhusu heliamu iliyo chini ya kelvini 2.17, yaani karibu digrii 271 za sentigredi chini ya sifuri. Habari hizo zilitolewa mwaka wa 1938 na Pyotr Kapitza wa Moscow, na pia na John Allen na Don Misener wa Cambridge. Kapitza ndiye aliyetunga jina lililoenea katika lugha za Ulaya, akilifananisha na lile ambalo tayari lilikuwa likitumiwa kwa metali zisizo na ukinzani wa umeme. Kiambishi alichokitumia kina maana ya kupita kiasi.

Tukifuata kiambishi hicho tutasema kitu hiki ni “kiowevu mno”. Neno hilo halifai, kwa sababu linadokeza kwamba tofauti ni ya kiasi, kama tofauti ya uji mwepesi na uji mzito. Tofauti hii ni ya aina. Mwandishi wa makala haya aliwahi kupendelea “mtiririko huru”, kwa kuwa ni fupi na linavutia sikio. Lakini katika fizikia gesi inayoitwa huru ni ile ambayo chembe zake haziathiriani hata kidogo, ilhali gesi ya ukomo ni kinyume chake kabisa. Neno zuri lingemfanya mwanafunzi aanze somo kwa kosa. Kwa hiyo tutatumia “mtiririko usiokinzwa”, kutokana na kitenzi “kinza”, ambacho tayari kimetupatia “ukinzani” katika masomo ya umeme. Hivyo undugu ambao Kapitza aliutaka kati ya majina mawili huhifadhiwa: metali za Kamerlingh Onnes zina upitishaji usiokinzwa, heliamu na gesi zetu zina mtiririko usiokinzwa.

Hata hivyo tukiri kwamba jina hili linataja dalili, halitaji sababu. Sababu ni kwamba jozi zote hufuata wimbi moja, na wimbi hilo lina awamu moja inayoenea kila mahali. Na kwa awamu tunakusudia hatua ambayo wimbi limefikia katika kupanda na kushuka kwake. Jambo hili lina tokeo la ajabu. Uji ukikorogwa chunguni huzunguka wote. Gesi ya mtiririko usiokinzwa haiwezi kuzunguka hivyo, kwa sababu awamu lazima ikubaliane na nafsi yake kila inapozunguka na kurudi mahali ilipoanzia. Ikilazimishwa kuzunguka, hutoboka nyuzi nyembamba, na kila uzi ni kisulisuli ambacho mzunguko wake una kipimo kimoja kisichobadilika. Lars Onsager alilidokeza jambo hili mwaka wa 1949, na Richard Feynman akaliendeleza mwaka wa 1955. Visulisuli hivyo, vimejipanga safu kwa safu kwa utaratibu, ndivyo vilivyoonekana katika picha za MIT za mwaka wa 2005. Gesi ya kawaida isingeweza kuvionyesha.

3. VIELELEZO VITATU

Kiswahili husema vyaelea vimeundwa. Methali hii yafaa kuwekwa mlangoni mwa sura yoyote inayohusu vielelezo, kwani kielelezo cha kisayansi kikishafaulu watu husahau kwamba kiliundwa, na kwamba fundi aliamua kutumia mbao hizi na kuacha zile.

Kwa nini kiundwe? Mlinganyo kamili wa gesi hizi unajulikana. Ni ule wa Erwin Schrödinger wa mwaka wa 1926. Shida ni kwamba haukokotoleki. Tuchukue atomu 100 tu, na kila moja tuipe mahali 10 pa kuwa. Idadi ya mipangilio inayopaswa kufuatiliwa ni 1 ikifuatwa na sifuri 100. Hakuna kompyuta inayoweza kuihifadhi hesabu hiyo, wala haitakuwako. Kwa hiyo muundaji wa kielelezo hulazimika kuchagua atakachokitupa.

Kielelezo cha kwanza ni cha wimbi moja. Kiliundwa na Eugene Gross na Lev Pitaevskii, kila mmoja peke yake, mwaka wa 1961, kwa ajili ya bosoni. Ukikitumia kwa fermioni, unazitazama jozi tu na kuzisahau atomu. Ni kama kueleza mwendo wa msafara bila ya kumtaja msafiri hata mmoja. Faida yake ni wepesi: mlinganyo ni mmoja, na mawimbi na visulisuli huonekana humo vizuri. Hasara yake ni kwamba hakijui kwamba jozi yaweza kuvunjika.

Kielelezo cha pili hurudi kwenye atomu. Kina majina ya Nikolai Bogoliubov na Pierre-Gilles de Gennes. Humo kila chembe hufuatiliwa peke yake, lakini haioni wenzake mmoja mmoja. Huona wastani wao tu. Jozi zaweza kuvunjika na kuungana tena. Kielelezo hiki ni kizuri sana pale mwingiliano ulipo dhaifu. Penye ukomo ndipo panapodhihirisha udhaifu wake, na udhaifu huo umepimwa. Mwaka wa 1999 George Bertsch aliuliza swali linaloonekana dogo: katika gesi ya ukomo iliyo karibu na sifuri halisi, nishati ni sehemu gani ya nishati ya gesi huru yenye msongamano uleule? Kielelezo cha pili hujibu 0.59. Kipimo kilichofanywa MIT na kutangazwa mwaka wa 2012 kilitoa 0.376. Tofauti hiyo haiwezi kuitwa kosa dogo.

Kielelezo cha tatu hutegemea msongamano. Msingi wake uliwekwa na Walter Kohn na wenzake mwaka wa 1964 na 1965 kwa ajili ya elektroni. Walithibitisha kwamba, kwa mfumo uliotulia, anayeujua msongamano mahali popote anaweza, kimsingi, kuijua nishati yake bila ya kuifuatilia kila chembe. Aurel Bulgac wa chuo kikuu cha Washington huko Seattle, pamoja na wenzake wa Marekani na Poland, waliupeleka msingi huo kwenye gesi za mtiririko usiokinzwa. Umbo la mlinganyo linafanana na la kielelezo cha pili, lakini limeongezewa viungo vilivyosawazishwa kwa hesabu sahihi zaidi za gesi iliyotulia, hata jibu la swali la Bertsch likatoka karibu na kipimo. Kisha gesi huachwa iende. Kazi yenyewe ni nzito: maelfu mengi ya milinganyo hutatuliwa kwa pamoja, hatua kwa hatua, katika kompyuta kubwa kupita zote. Mwaka wa 2011 walitangaza katika jarida la Science namna visulisuli vinavyozaliwa, vinavyogongana na vinavyoungana upya katika gesi ya ukomo.

Hapa msomaji makini atatilia shaka. Viungo vilisawazishwa kwa gesi iliyotulia. Ni nani aliyetuhakikishia kwamba vitafaa kwa gesi inayokwenda? Jibu la haki ni kwamba hakuna. Vilikuwa vikingoja mtihani.

4. KISA CHA WIMBI PWEKE ZITO

Mwaka wa 1834, kwenye mfereji karibu na Edinburgh, John Scott Russell aliona nundu moja ya maji ikiondoka mbele ya mashua iliyosimama ghafla. Aliifuata kwa farasi, nayo ikaendelea mbali bila ya kutawanyika. Mawimbi ya namna hiyo yalipewa jina la pamoja mwaka wa 1965, na jina hilo limeenea katika lugha nyingi. Kwa Kiswahili tunaweza kusema “wimbi pweke”, na wazo likaeleweka papo hapo. Katika gesi zetu wimbi pweke ni bonde badala ya nundu: ni utando mwembamba unaoikata gesi kutoka upande hadi upande, penye upungufu wa jozi, na ambapo awamu hugeuka ghafla.

Mwaka wa 2013 Zwierlein na wenzake huko MIT walitangaza katika jarida la Nature kwamba wameunda wimbi la namna hii katika lithiamu-6. Gesi yao ilikuwa ndefu na nyembamba, umbo la sigara. Waliimulika nusu yake kwa leza kwa muda mfupi mno ili awamu ya nusu hiyo isogezwe. Kisha walipiga picha kutoka ubavuni. Mstari mweusi ulionekana ukienda na kurudi, taratibu sana, kwa urefu wa gesi.

Utaratibu huo ndio uliokuwa habari. Kitu kinachochezacheza ndani ya mtego huweza kupimwa uzito kwa muda wa mchezo wake: uwiano wa inersha yake kwa uzito wake wa asili ni mraba wa uwiano wa muda wake kwa muda wa gesi yenyewe. Kielelezo cha pili kilitabiri kwamba penye ukomo muda wa wimbi pweke ungekuwa mara 1.7 hivi, na kwa hiyo uwiano wa uzito ungekuwa 3. Walichokipata ni zaidi ya 200. Makala yao yaliyaita mawimbi hayo pweke mazito, nao wakaona kwamba tofauti hiyo ni dalili ya misukosuko ya kwanta ambayo kielelezo hakikuiweka hesabuni.

Tuichunguze hoja hii kama wanafunzi wa lugha. Kilichoonekana ni mstari unaokwenda polepole. Kilichosemwa ni kwamba kuna wimbi pweke, nalo ni zito. Kati ya kuonekana na kusemwa kuna hatua moja isiyotamkwa, yaani kwamba mstari ule ni utando. Lakini picha ilipigwa kutoka ubavuni, na picha ya ubavuni hujumlisha kila kilichomo kuanzia mbele hadi nyuma. Utando, pete, hata uzi uliolala kwa namna fulani, vyote vyaweza kuonekana kama mstari.

Bulgac, Michael Forbes na wenzao walilikamata jambo hilo. Waliendesha kielelezo cha tatu kwa gesi ndogo, kwa kuwa gesi yenye ukubwa wa ile ya MIT ilizidi uwezo wa kompyuta yoyote. Kisha walikisawazisha kielelezo cha kwanza, kile chepesi, mpaka kikaafikiana na cha tatu, ndipo wakakitumia kwa ukubwa halisi. Jawabu, lililotolewa katika jarida mnamo Januari 2014, lilikuwa kwamba utando haudumu. Huyumba kama nyoka, hupasuka, ukawa pete ya kisulisuli. Pete hiyo ndiyo inayokwenda polepole, na polepole yake inakaribiana na ile iliyopimwa, bila ya kuhitaji uzito wowote wa ajabu.

Watafiti wa MIT hawakung'ang'ania jina. Walibuni njia ya kupiga picha ya ukanda mwembamba tu wa gesi badala ya kuijumlisha yote, na mwaka huohuo wa 2014 wakatangaza walichokiona. Haukuwa utando, wala haikuwa pete. Ulikuwa uzi mmoja wa kisulisuli, umelala kukata upana wa gesi, ukizunguka taratibu. Je, kielelezo kilikuwa kimekosea? Kilikuwa kimekosea kidogo, na kosa lenyewe lilijulikana mara moja: mtego uliowekwa katika hesabu ulikuwa wa mviringo mkamilifu, ilhali mtego halisi huvutwa na uzito wa dunia ukapotoka kidogo. Mwaka wa 2015 kundi la Bulgac, pamoja na Gabriel Wlazłowski wa Warsaw, lilionyesha kwamba mtego ukiwekwa upotovu huo, pete husogea kando, hugusa ukingo, hukatika, ikabaki uzi. Mwaka wa 2016 MIT walitangaza picha za mfululizo mzima: utando mwanzoni, kisha pete, mwishowe uzi.

Tuseme basi nani alikuwa na haki. Kipimo cha mwaka wa 2013 kilikuwa sahihi. Mstari ulikwenda polepole kama walivyosema. Utando ulikuwako pia, ila ulikufa mapema. Kielelezo cha pili, kilichodhaniwa kuwa kimeshindwa vibaya, kwa kweli kilikuwa kimeulizwa kuhusu kitu kingine. Kilichoanguka ni jina peke yake.

Hapa Kiswahili kinatuletea jambo la kufikirisha. Kivumishi “-zito” katika lugha yetu hakitaji mizani tu. Uji mzito ni ule usiotiririka upesi. Mtu mzito wa kusikia ni yule anayechelewa kupata sauti, wala hatukusudii kwamba sikio lake lina ratili nyingi. Mswahili aliyeutazama mstari ule na kusema “ni wimbi zito” angeweza kukusudia kwamba halina haraka, na asingekuwa amekosea hata leo. Je, tuseme lugha yetu ilikuwa na bahati? Mwandishi haoni hivyo. Wingi huo wa maana ungeuficha ubishi wenyewe. Ili kosa lionekane na lisahihishwe, ilibidi mtu aseme waziwazi kwamba inersha ni mara 200. Ufasaha wa istilahi, basi, ni pamoja na kuwa tayari kukosea hadharani.

5. KUTOKA MAABARA HADI NYOTA

Huenda msomaji akaona kwamba ubishi juu ya mstari mweusi ulio katika wingu dogo kuliko punje ya mtama ni anasa ya wataalamu. Sivyo. Vielelezo hivihivi hutumiwa kwa vitu ambavyo hakuna atakayeweza kuvipiga picha ya ukanda.

Nyota za nyutroni ni mabaki ya nyota kubwa zilizolipuka. Huwa na uzito unaozidi wa jua letu, umesongwa ndani ya mpira ambao nusu kipenyo chake ni kilomita 10 hadi 13 hivi. Nyutroni ni fermioni, na ndani ya gamba la nyota hizo huaminiwa kwamba huungana jozi na kutiririka bila ya kukinzwa. Joto la ndani laweza kuwa mamilioni ya digrii kwa mamia, na bado mwanafizikia ataiita baridi. Hapa tena neno la kawaida linabadilika maana. Baridi katika taaluma hii hulinganishwa na nishati ya viti vya fermioni, na kwa kuwa nyutroni zimesongamana mno, viti vyao viko juu kupita kiasi. Kwa kipimo hicho lithiamu ya maabara na nyutroni za nyota ni majirani, na mwingiliano wa nyutroni penye msongamano mdogo hukaribia ule wa gesi ya ukomo.

Mwaka wa 1969 nyota iitwayo Vela, ambayo huzunguka zaidi ya mara 11 kwa sekunde, ilionekana ikiongeza kasi ghafla kwa sehemu mbili hivi katika milioni. Mwaka wa 1975 Philip Anderson na Naoki Itoh walipendekeza kwamba visulisuli vya nyutroni hunasa kwenye gamba, kisha vikafunguka kwa pamoja. Je, kisulisuli huvutwa na viini vya atomu vilivyomo gambani au husukumwa navyo? Mwaka wa 2016 kielelezo cha tatu kilitumiwa kulijibu swali hilo, na jawabu likawa kwamba husukumwa. Sababu mojawapo ya kulitegemea jawabu hilo ni kwamba kielelezo cha ukoo uleule kilifanya mtihani wa utando, pete na uzi.

Afrika Mashariki ina sehemu yake katika historia ya nyota hizi. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililokuwa baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa uchunguzi wa miale ya eksi kutoka angani. Kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha uhuru wake, setilaiti ilipewa jina la Uhuru. Ndiyo iliyogundua kwamba chanzo kiitwacho Centaurus X-3 hupiga kila baada ya sekunde 4.8, na kwamba ni nyota ya nyutroni inayozungukana na mwenziwe. Setilaiti hiyo haikuona visulisuli, wala haikukusudiwa kuviona. Lakini orodha yake ya nne, ya mwaka wa 1978, bado inatumiwa, na hadi leo mwanaastronomia wa nchi yoyote anapoandika 4U mbele ya nambari ya nyota, U ile ni Uhuru. Neno letu limo katika majina ya nyota kwa sababu ya tarehe na mahali, bila ya kamati yoyote.

HITIMISHO

Tumeona vielelezo vitatu vya gesi ileile. Hakuna hata kimoja kilicho sawa na gesi yenyewe, na katika kisa tulichokieleza kile chepesi na kile kizito vilisaidiana: kimoja kilikuwa na usahihi, kingine kilikuwa na nafasi. Aliyefaulu ni yule aliyejua ni kitu gani amekitupa.

Kwa watungaji wa istilahi mwandishi angependa kutoa mapendekezo mawili. Kwanza, orodha zetu zitenganishe majina ya vinavyoonekana na majina ya vinavyokisiwa. “Mstari” na “mwendo wa polepole” ni vya aina ya kwanza. “Wimbi pweke zito” ni la aina ya pili. Mwanafunzi anayejua tofauti hiyo hatashtuka jina litakapobadilika. Pili, kila istilahi iandikwe pamoja na mwaka na sentensi moja ya kueleza kielelezo inachokitegemea. Orodha itakuwa ndefu, na labda wachapaji watalalamika. Lakini orodha inayokopa jina bila ya kukopa sababu yake huweza kuendelea kulifundisha kosa ambalo wenyewe walioliunda wamekwisha kuliacha. Jina “mawimbi pweke mazito” liliishi kwa muda wa mwaka mmoja hivi mikononi mwa waliolitunga. Kama tungalilitafsiri mwaka ule na kulichapa katika kamusi, huenda lingalikuwamo vitabuni mwetu hadi leo.